Kilio cha Kadimi

Hakuna anayechimba kadimi.
Huja imejificha ndani ya zinki
kama mgeni aliyeingia harusini kwa mlango wa jikoni,
na kule kiwandani Kempen, kazi ya baba yangu,
Fons Vandersmissen, ilikuwa kumtoa mgeni huyo nje.

Kwanza tanuri: madini yanaungua, salfa inapaa,
vumbi linanaswa kwenye mifuko mirefu.
Kisha tindikali. Kisha unga wa zinki unamwagwa humo,
na kadimi inaachana na maji, inatuama,
ya kijivu, tepetepe kama mkate uliolowa.
Baba aliizoa kwa koleo.
Ikapikwa mpaka ikawa mvuke, ikamiminwa, ikawa fimbo
nyeupe, yenye buluu kidogo ukiigeuza.

Jumapili moja alileta kipande, urefu wa kidole.
"Sikiliza." Akakipinda karibu na sikio langu.
Kikalia. Wallahi kikalia: kriii,
kama theluji chini ya kiatu.
Nilikuwa na miaka saba. Nikamsihi asikipinde tena.

Zilikokwenda fimbo zake alikujua kwa orodha ya bohari:
skrubu za ndege, zisiliwe na kutu;
betri za taa za reli;
makopo ya manjano kwa wachoraji wa Antwerpen,
manjano isiyochujuka hata jua liikodolee macho.
Alizitaja mezani, mtu akitaja watoto walioolewa mbali.

Manjano ile niliiona tena
kwenye shina la meno yake, pete nyembamba,
kila alipocheka.
Halafu pua ikamfia.
Mama aliunguza kahawa makusudi;
yeye akageuza ukurasa wa gazeti.
Figo zilifuata. Pensheni ilikuta kiti kitupu.

Barabara yetu ilitandikwa majivu ya tanuri,
na sasa manispaa imeandika: msile spinachi, msile seleri,
kisima kifungwe.
Mama ameikunja barua, ameilaza chini ya kikombe,
ametoka bustanini.
Spinachi imestawi, majani mapana kama viganja.
Haina hata doa. Hilo ndilo linalomkasirisha.

Kipande kile bado ninacho, ndani ya mkebe wa vifungo.
Juzi mwanangu Joris alikifukua, akakikwaruza kwa kisu:
"Chuma gani hiki, laini hivi?"
Akakishika ncha mbili, tayari kukipinda.

Nikamwambia, weka chini.
Kanawe mikono.