Mlango wa Shelamsioni

Umetoka Antiokia kote huko, Zenoni,
na wino wako na ngozi zako za mbuzi,
kuniuliza kama nuru ilimzunguka kichwani.
Keti. Vua viatu. Kula zeituni hizi kwanza.
Mimi nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta,
na jirani haoni nuru. Jirani husikia kikohozi.

Andika hivi: alikuwa mchelewaji.
Mlango huu nilimwagiza tukivuna shayiri,
akauleta mvua ya kwanza imeshalala kitandani mwangu.
Hakunipa udhuru. Alisema, "Nimechelewa, Shelamsioni,"
akapiga magoti kupima kizingiti,
na hasira niliyoinenepesha miezi sita
kama kondoo wa sikukuu
ikabaki imesimama uani, haina wa kuichinja.

Siku hizo walikuwa wakijenga Seforisi.
Alikwenda alfajiri, akarudi na chokaa kwenye kope,
mzee wa kijioni, kijana tena baada ya kunawa.
Ukucha wa gumba la kushoto ulikuwa mweusi.
Akijigonga nyundo alipiga yowe —
mbona umeinua kalamu? Andika: yowe,
kama mtoto, kuku wakatawanyika,
kisha akacheka.

Hicho kicheko ndicho kilichomharibia hadithi.
Angeanza kisa cha mtu aliyeuza punda mmoja mara mbili,
akafika pale punda anapomtambua mnunuzi wa kwanza,
basi, hoi, machozi, mkono ukutani.
Hadi leo hakuna mtaani kwetu ajuaye
yule punda alilala kwa nani.

Kukasirika? Nilimwona mara moja.
Wakala wa mkopeshaji alikuja kubeba joho la Tavita,
mjane, nyakati za barafu, kwa deni la vibaba viwili.
Akatoka na msumeno mkononi; nadhani aliusahau,
ingawa wakala hakuusahau.
Sauti yake haikupanda. Ilishuka.
Tulilazimika kusogea ili tumsikie, na tuliposikia
tukatamani tungebaki mbali.
Joho lilirudi. Lakini usiku ule, kupitia ukuta,
nilisikia nyayo zake zikizunguka, zikizunguka,
ng'ombe wa kinu asiye na nafaka.

Sasa hili, liandike kwa herufi kubwa kama unazo.
Mume wangu Hananya alikuwa na kigugumizi.
Kijiji kizima, kwa huruma, kilimmalizia maneno:
akisema "ma—" wakampa maji,
naye alitaka mafuta, akanywa maji, akaenda zake.
Miaka thelathini mtu anakunywa maji asiyoyataka.
Yule alingoja.
Aliweka chini alichoshika, akakaa juu ya gogo,
msumari mdomoni, uso hauna haraka,
na Hananya akapambana na neno lake
mpaka jua likahama dirishani.
Jioni mume wangu aliingia, akasimama katikati ya nyumba:
"Leo," akasema, "nimemaliza."

Hapana, sikuombi uandike mazuri matupu.
Alipoondoka hakuaga vizuri.
Aliacha mbao nusu zimechongwa, deni la misumari,
na mama aliyekuwa akipika chakula cha wawili
hata mwezi ukafa na mwingine ukaandama.
Nilimsikia yule mama pia. Ukuta ni uleule.
Na habari za Yerusalemu zilipofika, nilikuwa nakanda unga,
nikaendelea kukanda, nikakanda, mpaka ukawa haufai.
Sijui kama nimemsamehe. Acha nafasi hapo.

Giza linaingia, nawe una safari.
Mlango unakwama, siku za mvua. Aliniambia mwenyewe:
"Ubao haujakauka, mama, utakuja kunisema,"
wala hakuna aliyemuuliza.
Wanangu wanataka kuupiga randa. Nimewakataza.
Kuna namna yake, alinionyesha, mkono wake juu ya wangu.
Usiusukume, Zenoni.
Uinue.