Kiazi cha Dakika Kumi na Tano

Nilikichagua mwenyewe Kiboroloni, Jumamosi,
nikikigeuza na kukigeuza hadi mama muuzaji akauliza
kama nanunua kiazi au naposa.
"Ni zana ya kufundishia," nikamjibu.
Akanitazama viatu. Akaongeza kingine bure.
"Hicho ule. Nyie walimu nawajua."

Andalio la somo niliandika mara tatu,
rula, wino wa bluu, safu zimenyooka kama matuta:
utangulizi, dakika mbili;
maarifa mapya, dakika nane;
na kwenye safu ya shughuli za mwanafunzi
"wanasikiliza", chini yake "wanasikiliza",
chini yake tena, kwa uvivu, vijialama vya kurudia.
Bi Aikaruwa, mkufunzi wetu wa mbinu,
akazungushia duara jekundu:
Wanasikiliza nini? Na mikono yao umeiweka wapi?

Jumanne, chumba namba nane.
Mlima umejifunika gubigubi,
siku hiyo haukutaka kumkagua mtu.
Wanachuo kumi na wawili wamejigeuza kidato cha pili:
Loserian anaomba ruhusa ya kwenda chooni, mara ya pili sasa;
Akundaeli anachora kinyago cha mkufunzi;
Gaudensia, mama wa watoto wawili,
anasinzia kwa ufundi wa aliyewahi kusinzia kweli.

Nami mbele, chaki inatoka jasho.
Kiazi nimekimenya, nimekichimba katikati,
nimetia chumvi kijiko kimoja,
nimekikalisha kwenye sahani ya maji.
Kiingereza nilichokipiga pasi usiku kucha
kikajikunja kwenye sentensi ya tatu.
Nikakinyoosha. Kikajikunja.
"Maji yatapanda," nikasema hatimaye, kwa lugha ya nyumbani,
na darasa zima likainama kutazama.

Hayakupanda.

Tulikitazama kiazi, nacho kikatutazama.
Dakika ya kumi na moja. Ya kumi na tatu.
Ndipo Gaudensia akafumbua jicho moja:
"Mwalimu, hayo maji yanajuaje pa kwenda?"

Halikuwa kwenye andalio.
Nikasikia mdomo wangu ukisema,
"Swali zuri sana. Tutalijibu kipindi kijacho."
Wakacheka wote, hata Loserian mlangoni,
maana kila mmoja alishawahi kupewa kipindi hicho.
Mimi nilipewa nikiwa na miaka kumi na tano,
na mwalimu wetu wa sayansi, pekee tuliyekuwa naye,
akahama Ijumaa ile ile.

Maoni ya mkufunzi, nayanakili yalivyo:
Sauti, inasikika.
Ubao, herufi zinapanda kilima.
Muda, umezidi dakika nne.
Kipindi kijacho, lini?

Usiku umeme ukakatika bweni zima.
Sahani nilikuwa nimeiacha dirishani,
sikuwa na moyo wa kuimwaga.
Saa saba nikaamka kutafuta maji ya kunywa,
nikamulika kwa simu,
na kile kitundu nilichokichimba kwa kisu cha mkate
kilikuwa kimejaa pomoni, kinametameta,
kimefanya kazi yake bila kengele
wala mtu wa kukipa alama.

Nikamtikisa Akundaeli.
"Kimejaa."
"Nani?"
"Kiazi."
Akageukia ukutani. "Basi kifundishe wewe."

Sikulala tena. Kitabu, tochi, kurasa mbili, nikarudia,
nikalitafuta jibu lisilo na maneno ya kukariri.
Cha bure nilikwisha kukila tangu Jumapili,
sikuwa na cha kujaribia kingine.

Asubuhi, kabla ya uji, nikambebea Gaudensia sahani
uani, alikokuwa akianika sare ya mazoezi.
Akafuta mkono kwenye kanga,
akachovya kidole, akaonja.
"Chumvi," akasema.
Akaonja tena, taratibu.
"Haya. Na jibu langu?"