Rangi ya Kijani

Ngowa alichimba choo chetu kwa mtaimbo na ubishi,
miezi miwili na siku nne, mwamba wa matumbawe
ukimrudishia cheche usoni.
Futi ishirini na tatu. Alizitaja
kama mwingine atajavyo ng'ombe wake.
Hapa kwetu Mwakirunge, upande huu wa bonde,
sisi ndio tuliotangulia kuacha kichaka,
na wageni wa arusi ya jirani walikuja kujisaidia kwetu,
wakasifu, wakarudi kula pilau.

Amekufa. Choo kimebaki:
mlango wa bati, komeo la waya,
na jina lake alilochora kwa msumari saruji ikiwa mbichi,
N imegeuka nyuma.

Hatua thelathini chini ya mteremko, kisima.
Kisima cha wote. Maji yana chumvi kidogo,
ukipikia mchicha huna haja ya kuonja.
Tulikunywa. Watoto wakahara.
Tukasema ni maembe mabichi,
tukasema ni meno, tukasema ni jicho la mtu.
Kwa Mbodze wa Kadzo hatukusema kitu.
Alizikwa Alhamisi. Kitambaa kilibaki.

Ndipo akaja Bi Swafiya wa afya,
viatu vya mpira, mkoba wa chupa ndogondogo.
Moja aliijaza maji, akaifunga,
akaniachia mimi, mweka hazina wa kamati,
nikailaza kabatini kando ya daftari.
Kulipokucha maji yalikuwa wino wa pweza.

Choo cha nani?
Kila mtu alikuwa na kidole, na kila kidole kilikuwa na pa kwenda.
Nami nilisema. Mbele ya kikao, nimesimama:
shimo la Kadzo, lile la magunia, lisilo mlango.
Kadzo alikuwa amekaa mkekani.
Alizikunja kanga zake, akaondoka.

Bi Swafiya hakubishana na mtu.
Alileta unga wa rangi, mwekundu kijikoni,
kijani ukigusa maji.
Akamimina kwa Kadzo. Tukachota siku tatu: maji meupe.
Kwa Mwachiru, meupe.
Choo cha madrasa, meupe.
Kisha kwangu. Nilimshikia mlango mwenyewe,
nikamwonyesha na lile jina.

Siku ya pili, alfajiri,
Kadzo alikuja na ndoo hadi kizingitini pangu.
Akaitua.
Kijani. Kijani cha jani la mgomba jua likilipenya.
Tuliinama tukaitazama, yeye upande ule, mimi upande huu,
kama kwamba kuna mtu amelala mle ndani.

Hakusema "ni wewe."
Laiti angalisema.

Mwamba wetu, alieleza Bi Swafiya, ni kama andazi:
ukiukata utaona vishimo, na vishimo vinashikana mikono.
Kadiri Ngowa alivyozidi kwenda chini
ndivyo alivyozidi kukikaribia kisima.
Maskini. Na alikuwa akipiga mluzi.

Nililijaza shimo kwa mikono yangu,
kifusi, chokaa, udongo mwekundu, siku tisa.
Saruji niliivunja kwa nyundo. Jina nililianza mwisho.

Sasa vyoo vyetu vimeinuliwa juu ya ardhi,
ngazi nne, majivu badala ya maji,
na mzee Tsuma hulalamika kwamba akipanda
kijiji kizima chajua aendako.
Kisima kimefunikwa, kina pampu ya mkono.
Daftarini: saruji mifuko kumi na minane,
bomba, klorini, nauli ya fundi kutoka Kongowea.
Hakuna mstari wa Mbodze. Nimeutafutia mahali.

Jana nilimkuta Kadzo pampuni.
Aliuvuta mtungi wangu akautanguliza wake,
akapiga pampu hadi ukafurika,
akaufunga kizibo, akanisogezea kwa mguu.
Sijui kama ni msamaha
au ilikuwa zamu yangu tu.