Kwa Rayén, Kabla ya Mtihani wa Madaraja

Funga daftari, Rayén. Tangu saa nane
unasoma mstari uleule,
na kalamu umeitafuna hadi imekuwa mswaki.

Filamu? Utaanza moja, utamaliza nne.
Karata na akina Lautaro? Wale hawakubali kushindwa,
watakukeshesha.

Vaa koti, mvua ya Valdivia haina likizo.
Shuka soko la samaki, kando ya mto,
pale simba-bahari, wanene kama madiwani,
wanapogombea vichwa na matumbo.
Kiingilio hakuna.
Mtafute mmoja mwenye chongo,
masharubu ya karani mstaafu:
hupiga chafya moja tu, wenziwe wakatawanyika,
naye akajipakulia.

Mwaka jana, nilipofeli hesabu mara ya pili,
nilimtazama nusu saa.
Nilicheka, Rayén, nikacheka peke yangu kama mwehu,
hata muuza kome akanihurumia,
akanipa limau bure.

Sikuahidi kufaulu.
Ila mihimili haikimbii, wala nguzo.
Ukirudi umelowa chapachapa, unanuka samaki,
fungua ukurasa uleule,
usome mstari unaofuata.

Na limau, ukipewa, ni langu.