Leja ya Stoo

Maboksi kumi na manne. Niliandika kwa kalamu nyekundu,
ya buluu ilikuwa imekauka.
Tarehe tisa Julai, upepo wa Handali
ukihamisha uwanja wetu kwenda kwa jirani,
kiganja baada ya kiganja.

Mashine za nukta nundu, sita.
Shimesikio, jozi ishirini.
Viti vya magurudumu, vitatu, tairi nyembamba.
Hati ya makubaliano, moja,
sahihi nne, mhuri umepinda.

Walikuja wabia: wizara, chuo, shirika, na sisi wenyeji.
Wakala wali, wakapiga picha na boksi
likiwa limefungwa.
Gari likageuka. Vumbi likabaki limesimama
kama mgeni asiyejua kuaga.

Nami nikafunga stoo.

Usinilaumu upesi. Miaka kumi na tisa nashika ufunguo huu
na najua kitu kinavyokufa:
kinaazimwa.
Globu iliazimwa darasa la tano,
ikarudi haina Afrika,
na Afrika ikakatwa kwenye mshahara wangu.

Ndipo akaja Sechelela wa darasa la sita,
anayesoma njia kwa nyayo na mlango kwa kucha.
Hakugonga mlango. Aligonga kufuli.
“Mama Foibe, mashine zinaendeleaje?”
kama mtu anayemuulizia mgonjwa.
“Zipo salama.”
“Salama na nani?”

Usiku ule ugali wa uwele ulinikaa kooni.

Nikafungua moja. Moja tu.
Kitufe cha tatu kikazama, hakikuibuka.
Makubaliano, ibara ya kumi na moja:
fundi atatoka Dar es Salaam
baada ya maombi ya maandishi.
Nikaandika.
Nikaandika tena, kwa heshima zaidi.
Jibu likaja kwa lugha ya kimya.

Siku ya gulio nikaibeba kichwani
hadi kwa Ndahani, fundi cherehani na baiskeli.
Hakuwahi kuiona. Aliinamisha sikio, akabonyeza, akasikiliza.
“Hii,” akasema, “ni cherehani
inayoshona karatasi bila uzi.”
Akaisafisha kwa unyoya wa kanga na tone la mafuta
akakataa hela,
ila akaomba aone na hayo mengine.

Alipofika kwenye viti alicheka hadi akakaa chini.
“Aliyenunua tairi hizi
hajawahi kusalimiwa na mbigiri.”
Akazitoa upepo, akazishindilia mpira wa bomba la maji,
na Mheluka akatoka bwenini hadi chooni
bila kubebwa mgongoni,
akarudi, akaenda tena, bila haja yoyote.

Kisha Sechelela akamfundisha fundi.
Ndahani alibonyeza kwa kidole kimoja, kama anayejaribu chai.
“Hapana. Jina langu halianzi hivyo.
Cha kati na cha pete, mkono wa kushoto.
Cha shahada, mkono wa kulia.
Kwa pamoja. Ukichelewesha kimoja
hiyo siyo mimi.”

Mwisho wa mstari kengele ikalia, ndogo, ya shaba.
Yoeli akageuza kichwa.
Sitasema zaidi: betri ya shimesikio haimalizi wiki mbili,
na muuza betri wa Dodoma mjini
kila nikienda amesafiri.
Hilo bado liko kwenye leja, kwa wino mwekundu.

Ila safu ya *Hali*, nilipozoea kuandika
“nzima, haijatumika”,
sasa naandika “imechakaa”
na mkono haunitetemeki.

Na ile hati. Chini hapakuwa na nafasi,
kwa hiyo walitia sahihi nyuma:
dole gumba la mafuta,
na mstari wa vijinundu uliotobokea upande wa wakubwa.
Mkaguzi akija akiuliza ni uchafu gani huu,
nitamwambia afumbe macho,
apitishe kidole.