Kijiko cha Tatu

Sanduku lilikuwa jekundu, la mahameli.
Shangazi Mwantumu alilileta kutoka Muheza
amelipakata ndani ya kanga kama mtoto wa siku saba.
Vijiko sita vya chai.
Mwezi wa tatu wa ndoa vikawa vitano.
Nikamsingizia hausigeli. Nikamwomba radhi
siku kilipotoweka cha pili, naye yuko kwao Lushoto.

Basi nikaanza kumpeleleza mume.

Shechambo, mfamasia, mtu wa miwani na risiti,
anayehesabu vidonge wiki nzima kwa ncha ya kisu
asikosee hata kimoja,
Jumamosi alfajiri alinyata, viatu mkononi,
na msumeno wa chuma ndani ya mfuko wa mkate.

Nilimkuta Raskazone, kwenye miamba.
Wanaume saba wamejipanga, wametenganishwa na adabu:
humruki mtu mshipi wake,
huulizi "wangapi leo?" kabla salamu hazijaisha,
na samaki aliyeponyoka hapimwi kwa rula,
unamwachia mwenyewe amkuze.
Kaniki wa benki alikuwa anamkuza wake
mpaka mikono ikamwishia, akaazima ya jirani.

Na pale, kwenye ncha ya nailoni namba arobaini,
kimekatwa mpini, kimetobolewa matundu mawili,
kimefungwa manyoya ya jogoo wetu
(na jogoo pia, kumbe!)
kinaning'inia.
"Hicho changu!" nikasema.
Mtu mmoja akageuka, akatafuta samaki.

"Dagaa mfu ndiye wa changu," mume akanijibu,
bila haya, kama anayesoma cheti cha dawa.
"Kolekole hali kilicholala. Anataka kinachokimbia,
kinachometa, kinachoyumba kama kimejeruhiwa.
Bati nimejaribu. Kizibo cha soda nimejaribu.
Chuma cha shangazi yako ndicho kinachojua kudanganya."

Nilikuwa na maneno. Nimeyapanga
tangu Barabara ya Kumi na Mbili, makali yakitangulia.
Akanitia kopo la mshipi mkononi.
"Rusha kwanza. Utanigombeza ukiwa unavuta."

Nikarusha. Kikaanguka mguuni kwa Kaniki.
Nikarusha. Kikashika mwamba, wakanyamaza wote
kama watu wanaopita nyumba ya msiba.
Mara ya tano, ya sita, sikumbuki,
maji yalikuwa maji tu,
kidole kikisikia kijiko kikitetema,
kikitetema,
halafu

sijui nieleze vipi.
Umewahi kubisha hodi nyumba uliyodhani imehamwa,
mtu akaufungua mlango kwa nguvu kutoka ndani?
Kopo likanizunguka kiganjani. Uzi ukanikata hapa, kovu lipo.
Nikamwita mama yangu, marehemu,
na Shechambo anapiga kelele,
"Mpe! Mpe uzi! Usibishane naye!"
ushauri ambao nyumbani hajaufuata hata siku moja.

Alitoka juu mara moja: ubavu wa fedha,
jicho moja, likanitazama mimi, si mwingine.
Kisha mshipi ukawa mwepesi.
Mwepesi vibaya.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Semkiwa akanisogezea
nusu ya muhogo wake na chumvi ya pilipili.
Kaniki akauliza polepole,
kama anayeuliza jina la mtoto mchanga,
"Alikuwa kiasi gani?"
Nikaitazama mikono yangu.
Nikaifungua. Nikaifungua tena kidogo.

Sasa shangazi akija tunamkorogea chai jikoni,
asije akaomba kijiko mezani.
Vimebaki viwili. Kimoja Shechambo anajua kilipo.
Kingine nimekifukia kwenye ndoo ya mchele,
na Ijumaa usiku, akishalala,
natoka uani taratibu na mkasi.
Jogoo akiniona siku hizi
hawiki. Anapanda juu ya paa.