Mgao

Miaka kumi na tisa nafunga na kufungua maji ya Kayole,
Jumanne huku, Ijumaa kule, spana begani.
Bomba likikoroma, najua limemeza hewa.

Kumbe ndani yangu pia yupo mwenye spana.

Daktari Kerubo, pale Mbagathi, alinichorea nyuma ya fomu:
figo mbili, na juu ya kila moja tezi,
kofia iliyokaa upande.
Damu ikipwa, figo hutoa renini,
na ujumbe, ukibadilishwa jina mapafuni,
huifikia tezi: shika chumvi.
Chumvi ikibaki, maji hayana pa kwenda.

“Mgao,” nikasema.
Akacheka. “Ndiyo, mgao.”

Ila tezi yangu ya kushoto imeota uvimbe,
punje ya njegere tu,
nao hausubiri ujumbe wa mtu.
Renini imenyamaza zamani. Tangi linafurika,
na punje bado inaamrisha: shika, shika.

Ndiyo hiyo mia mbili na kumi kwenye mashine.
Ndiyo hiyo potasiamu niliyoikojoa yote
hadi nikashindwa kuinua kifuniko cha chemba
mbele ya vijana wangu.

Mwaka juzi nilimtukana Shiundu
aliyelala pampu ikisukuma
mpaka bomba likapasuka, njia ikawa mto.
Nitampigia simu leo.

Wanaikata Alhamisi.
Ya kulia, asema daktari, imezoea kukaa kimya;
itachukua wiki kadhaa kukumbuka kazi.

Nitaisubiri. Mimi najua kungoja maji.